Ngozi na pembe za sebuleni Arusha: kipi ununue, na hela ya soda umpe nani

Nyumba nyingi za Njiro na Sakina siku hizi zina ngozi ya ng'ombe chini ya meza ya sebuleni, au pembe ukutani juu ya televisheni. Zinapendeza mpaka masika yaingie, unyevu ukolee, na harufu ianze kumtoa mgeni machozi. Mimi nimeshanunua vitu vinne vya namna hii na viwili nikavitupa jalalani, kwa hiyo orodha hii imenigharimu. Naanza na kinachostahili hela yako.

Cha kwanza ni ngozi nzima ya ng'ombe yenye manyoya yake, iliyotengenezwa kiwandani au kwa fundi anayejua dawa. Nasema iliyotengenezwa, kwa sababu wengi wanauziwa ngozi iliyowambwa na kuanikwa tu. Hiyo ni ngumu kama bati, na ikimwagikiwa maji inarudi kuwa mbichi na kuanza kuoza upya. Ngozi iliyotengenezwa imepita kwenye chumvi na tindikali, kisha ikashikishwa kwa kromu, kwa shabu, au kwa dawa itokanayo na magome ya miwati, miti inayolimwa Njombe. Ukiwa dukani kunja kona yake. Ikilia na kufanya ufa, iache. Igeuze upande wa nyama: ya kromu huwa na rangi ya kijivu kinachoelekea buluu, ya miwati ni kahawia. Halafu vuta manyoya ya tumboni na kwapani. Yakitoka kwa mafungu, ujue ngozi ilishaanza kuoza kabla ya kutiwa chumvi, na hapo hakuna fundi wa kuyarudisha.

Asili ya ng'ombe nayo ina bei yake. Zebu wa mnada wa Meserani amepita kwenye miiba na kupe maisha yake yote, na mara nyingi ana chapa ya moto ubavuni. Wapo wanaoipenda hiyo chapa. Mimi naiona kama kovu. Ng'ombe wa maziwa wa Machame au Marangu, anayekatiwa majani na kuletewa bandani, ngozi yake ni safi, na yale mabaka meusi na meupe ya Friesian yanakaa vizuri kwenye sakafu ya vigae.

Sasa hapa ndipo nilipopotea. Ngozi yangu ya kwanza ilitokana na dume tuliyemchinja Moshi wakati wa Krismasi. Watu walikuwa na haraka ya nyama, kisu kikapita kinavyotaka, na ngozi ikatupwa chini ya mgomba hadi kesho yake. Nilipoipeleka kwa fundi, mzee mmoja mpole, aliinyoosha juani, akahesabu matundu kumi na moja, akaniambia, "Mwanangu, hapa umeniletea maiti." Aliifanyia alichoweza. Nikamlipa, na kwa aibu nikamwongezea elfu ishirini ya soda. Baada ya miezi mitano manyoya yakaanza kupukutika kwenye zulia.

Elfu ishirini ile nilimpa mtu ambaye hakuwa na la kuokoa. Siku hizi hela ya soda naitoa mapema, kwa mchunaji, kabla hajagusa kisu. Elfu tano tu, pamoja na ombi: kisu akitumie kwenye mikato ya kwanza, ubavuni na mgongoni asukume kwa ngumi. Pembeni naweka chumvi ya mawe. Kipimo ni theluthi hadi nusu ya uzito wa ngozi, yaani ngozi ya kilo ishirini inataka kilo saba hadi kumi, ipakwe upande wa nyama ndani ya saa chache, tena kivulini. Anayebana chumvi hapo atalipia baadaye.

Cha pili ni fuvu lenye pembe zake. Likifanywa vizuri halina cha kuoza. Tatizo ni mafundi wanaolipausha kwa jiki. Siku ya kwanza linang'aa, kisha mfupa unaanza kuwa unga, kwa sababu jiki hula mfupa. Anayejua kazi hulichemsha kwa moto mdogo, hutoa mafuta kwa maji ya sabuni kwa siku nyingi, ndipo hupausha kwa haidrojeni peroksaidi. Mguse kwa swali moja, "Mzee, unapausha kwa nini?", na jibu litakuambia bei inayofaa. Madoa ya njano karibu na meno ni mafuta yaliyobaki ndani, na kwenye joto la Moshi yatatoka tu.

Cha tatu, pembe peke yake kwenye ubao. Zile ndefu ni za Ankole wa upande wa Kagera, kwa hiyo hapa Arusha unalipa na nauli. Nusa shinani: pembe ni ala inayovaa mfupa, na mfupa huo usipotolewa, harufu itakaa miaka. Hakikisha pia ni ya kulia na ya kushoto ya mnyama mmoja. Ngozi ya mbuzi au kondoo naiweka ya nne, nzuri kwa kiti, nyepesi mno kwa kukanyagwa.

Mwisho kabisa naweka kichwa kilichojazwa. Sikidharau, ni kazi ngumu kuliko zote. Watu hudhani ndani kuna nyama iliyokaushwa, kumbe kilicho halisi ni ngozi na pembe tu. Ngozi inavalishwa umbo la povu gumu, macho ni ya kioo, na ujuzi wote unaishia kwenye kope, pua, midomo na masikio. Tazama kope kwanza: zikiacha mwanya kuzunguka kioo, mnyama anaonekana ameshtuka milele. Marekani, ambako kazi hii ni ya kawaida, kichwa na mabega ya kulungu ni dola mia kadhaa na zaidi, na mteja husubiri miezi mingi. Huko bakshishi si deni, maana fundi hupanga bei yake mwenyewe. Hapa Arusha kazi hii imezoea wageni wa uwindaji, na dume lako la wilayani Hai litatajiwa bei ya kigeni vilevile.

Neno kuhusu wanyamapori: usiguse. Ngozi ya swala, mkia wa nyumbu, hata kitu ulichookota porini ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na bila kibali unaweza kufungwa jela. Kesi ya Iringa ya 2023 ilianza na vipande vya nyama ya swala, hukumu ikawa miaka 22 kabla ya kufutwa Mahakama Kuu. Hata ile ngozi ya ng'ombe iliyochapwa mistari ya pundamilia naikwepa, maana sitaki kutoa maelezo uwanja wa ndege wa KIA.

Kuhusu malipo: kianzio kisizidi nusu, tarehe iandikwe kwenye risiti, na usibembeleze bei hadi fundi achoke kisha ujifanye mkarimu kwa soda. Siku ya kuchukua, mwenye duka mlipe chake kamili. Hela ya soda mpe chalii aliyekwangua minofu nyuma ya duka, mkononi, baada ya kuikunja kona na kuivuta manyoya. Nilimpa mmoja elfu kumi mwaka jana. Wiki mbili baadaye akanipigia: "Bro, imeingia Friesian ya Machame, haina tundu hata moja. Nikushikie?"