Kiazi kikuu na muhogo kwa Waigbo

Kwa Waigbo wa zamani, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, kiazi kikuu kilikuwa zao la mwanaume. Ghalani, viazi vilifungwa kimoja kimoja kwenye miti iliyosimamishwa, mgeni akaona mwenyewe utajiri wa mwenye mji. Aliyevuna viazi vingi mno aliweza kupata cheo cha Eze ji, mfalme wa viazi vikuu.

Muhogo? Wanaume waliudharau, wakawaachia wanawake. Lakini mafua makali ya 1918 yalipoua watu wengi na kupunguza mikono ya kulima, muhogo ulienea haraka: hauchagui udongo, hauhitaji ghala, unangoja ardhini. Mke akauza garri, yaani chenga za muhogo zilizokaangwa, sokoni, akashika fedha yake bila kumwomba mume. Kwangu hayo ndiyo mageuzi hasa, ingawa heshima haikuhama: hadi leo sikukuu kubwa ya mavuno, Iri ji, ni ya kiazi kikuu.