Mafunzo ya usalama kwa maboda Dodoma, nendeni

Wanangu wa boda haya mafunzo msiyapite. Kilichonikamata ni somo la breki, wengi tunakanyaga ya nyuma tu tukiogopa ya mbele itatupindua, kumbe ukifunga breki uzito unahamia mbele na tairi la mbele ndo linasimamisha chombo zaidi, unaiminya taratibu usukani ukiwa umenyooka, ila kwenye mchanga wa huku kwetu kuwa mpole nayo sana. Helmeti wanakagua mmoja mmoja, kama mkanda haujafungwa chini ya kidevu hupandi. Pikipiki za mazoezi chache, foleni juani. Alafu kubeba abiria wamegusia juujuu tu, hapo waongeze muda jamani maana mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, bado ipo mitaani kila siku.