Magazini za Glock 19: ya 10, ya 15, ya 17 au ya 33? Tathmini kwa mmiliki wa Kanda ya Ziwa

Kila jimbo la Marekani linapopendekeza kupunguza idadi ya risasi kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachopachikwa kwenye kitako cha bastola, wamiliki wa bastola hapa Mwanza nao huanza kuulizana: hivi magazini ya risasi 10 inamtosha mtu, au ni silaha iliyokatwa miguu? Kwa mwenye Glock 19 (bastola ya 9mm) na leseni yake, jibu letu ni hili. Ya 10 iliyotoka kiwandani kwa Glock inatosha kabisa. Ya 15 ndiyo iliyokaa sawa na bastola yenyewe. Ya 17 ibaki ya mazoezi. Ya 33 haina kazi mikononi mwa raia.

Tuanze na ya 10, maana ndiyo inayosemwa vibaya. Ukiiweka mezani pembeni ya ile ya 15, kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Urefu ni mmoja, na zote zinaishia sawasawa na kitako cha bastola. Tofauti unaiona ukiigeuza nyuma kwenye vile vitobo vya kuhesabia risasi, na ukichungulia ndani kwa juu. Ya 10 ina kuta nene zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani imebanwa. Kwenye ya 15 risasi zinapishana kushoto na kulia. Kwenye ya 10 zinakaribia kunyooka mstari mmoja, ndiyo maana zinaingia chache kwa urefu uleule. Hakuna kilichopungua kwenye ubora. Midomo, zile kingo za juu zinazoshika risasi, ni ya chuma kilekile na springi inafanya kazi ileile.

Uzito nao upime. Risasi moja ya 9mm yenye kichwa cha kawaida ina takriban gramu 12. Kumi na tano ni gramu 180, kumi ni 120. Magazini tupu ina kama gramu 70. Anayevaa bastola kiunoni kutwa nzima, akipanda bodaboda na kushuka, hizo gramu 60 atazisikia jioni, ingawa si sababu ya kuchagua moja na kuacha nyingine.

Kuwa mwangalifu na magazini za 10 zinazotengenezwa na viwanda vingine. Zipo zilizofinyangwa tangu mwanzo kuwa za 10, nazo hufanya kazi. Zipo pia ambazo ni mwili wa 15 uliozibwa kwa kipande ndani. Kipande kikiwa kimelegea, springi inakaa upande, kisukumio (kile kipande kinachoinua risasi) kinapanda kimeinama, na risasi inaelekeza pua chini badala ya kuitazama chemba, tundu la mtutu inamoingia. Jaribio lake ni jepesi: itikise ikiwa tupu karibu na sikio. Ikigongagonga ndani, irudishe dukani.

Ya 15 ndiyo bastola ilivyochorwa. Kasoro yake kubwa ikiwa mpya ni ugumu wa risasi mbili za mwisho. Dole gumba linauma, na watu wengi wanaishia kuisukuma risasi ya 15 kwa nguvu mpaka inakaa vibaya nyuma. Tatizo la pili ni baya zaidi. Magazini iliyojaa 15 ukiipachika slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma) ikiwa imefungwa, risasi ya juu inagusa chini ya slaidi na springi haina pa kubonyea. Usipoipiga kwa kiganja mpaka usikie mlio wa kufunga, itabaki imening'inia na itaanguka wakati wowote. Baada ya kuipachika, ishike chini na uivute. Ikitoka, haikuwa imefunga. Mpaka springi izoee, jaza 14. Hapa ya 10 inaishinda ya 15 waziwazi, maana haihitaji hiyo nguvu.

Ya 17 ni ya Glock 17, bastola yenye kitako kirefu zaidi, nayo inaingia kwenye Glock 19 bila shida ila inatokeza chini kama sentimita moja. Kwenye shabaha hilo halisumbui. Kiunoni inainua shati na kumtangazia kila mtu stendi ya Nyegezi kwamba una silaha. Ukiipachika kwa nguvu slaidi ikiwa wazi inaweza kupanda kupita kiasi na kugonga sehemu za ndani, kwa sababu hakuna kitako cha kuizuia. Tumia kola ya plastiki inayoziba hilo pengo.

Ya 33 isikutamanishe. Kinachobaki nje kinakaribia urefu wa kitako chenyewe, haifichiki, na springi yake ndefu inahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi. Na ina historia ambayo mtu mwenye silaha lazima aijue. Tarehe 8 Januari 2011 huko Tucson, Arizona, aliyemshambulia mbunge Gabrielle Giffords alikuwa na Glock 19 hiihii yenye magazini ya risasi 33. Watu sita waliuawa, na wengine walijeruhiwa kabla hajaishiwa. Alikamatwa na watu waliokuwepo pale alipokuwa anabadili magazini. Wanaotetea ukomo wanajenga hoja yao hapo: sekunde za kubadili magazini ni sekunde za mtu mwingine kukimbia au kumrukia mshambuliaji. Hoja hiyo ina uzito, na mmiliki anayeicheka hajaifikiria.

Upande wa pili nao usikilizwe. Wamiliki wa Marekani wanalalamika kwamba namba zinachaguliwa kama bahati nasibu, na ukizitazama unaona kwa nini wanasema hivyo. Sheria ya taifa zima ya mwaka 1994 iliweka 10, ikafa mwaka 2004. California inazuia kuuza zaidi ya 10. Colorado mwaka 2013 iliweka 15, Delaware mwaka 2022 ikaweka 17, na Washington mwaka huohuo ikaweka 10. New York mwaka 2013 iliruhusu magazini ya 10 lakini ikataka mtu ajaze 7 tu. Jaji wa shirikisho akaitupa hiyo saba kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo Glock 19 ileile inauzwa nzima kama ilivyo Denver, na Los Angeles magazini yake haiuzwi zaidi ya 10. Mwenye Glock 17 yuko salama Delaware, lakini magazini yake ikizidi risasi moja tu, yuko nje ya sheria. Malalamiko yao mengine ni kwamba mwizi hasomi sheria, na kwamba magazini walizonunua kihalali zinageuka kosa usiku mmoja pale jimbo linapokataa kuziacha za zamani. Hilo la mwisho ndilo naliona zito kuliko yote, kwa sababu linamgusa mtu aliyefuata utaratibu.

Kwetu mazingira ni mengine. Silaha inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na unaanza na leseni, si na rafu ya duka. Kabla ya kununua magazini ya ziada ya ukubwa wowote, nenda na leseni yako polisi uulize. Usitegemee neno la muuzaji. Na kwa mtu anayenunua risasi kwa kibali na kufanya mazoezi mara chache kwa mwaka, magazini ya 10 anayoijua inamfaa kuliko ya 15 ambayo hajawahi kuipiga hadi risasi ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kinachoziua magazini hapa kwetu, nacho si idadi.

Watu husema ni ziwa. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya bahari, na hewa yake haili chuma kama ya Dar au Tanga. Mwenye chumvi ni wewe. Jasho la kiunoni linapenya kwenye midomo ya magazini, na kwa kuwa mwili wa nje ni plastiki, mtu anadhani hakuna cha kushika kutu. Ndani yake kuna chuma, na springi ni chuma kitupu. Jioni ifute midomo kwa kitambaa kikavu. Mkoba wa ngozi ni mzuri kiunoni lakini si wa kulalia: ngozi inashika unyevu, na maganda ya shaba yakikaa humo wiki kadhaa yanaota ukungu wa kijani unaokwama kwenye chemba.

Adui wa pili ni vumbi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, na mtu anayeshinda mwalo wa Kirumba kwenye unga wa dagaa na mchanga, magazini inajaa uchafu laini usiouona. Uchafu huo ukikutana na mafuta unakuwa tope. Kosa tunaloliona mara nyingi ndilo hili: mtu anapulizia mafuta ndani ya magazini akidhani anaitunza. Mafuta yanakusanya vumbi, kisukumio kinapanda polepole, na mafuta yanatambaa mpaka kwenye fataki, kile kiduara cha kitako cha risasi, na kuidhoofisha. Siku ya kuihitaji inalia "tiki" tu. Ndani ya magazini panatakiwa pakavu.

Kuisafisha ni kazi ya dakika kumi. Toa magazini kwenye bastola, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, toa risasi zote na uziweke chumba kingine. Vaa miwani. Chini ya magazini kuna tundu. Bonyeza kitufe kilichomo kwa kijiti, minya pande mbili za chini, kisha telezesha bamba kuelekea mbele huku dole gumba likizuia springi isiruke. Zitatoka sehemu nne: bamba la chini, bamba dogo la kufungia, springi na kisukumio. Piga picha ya springi ilivyokaa kabla ya kuitenganisha na kisukumio, maana ikirudishwa kinyume magazini itakwama na utailaumu bure. Sugua ndani kwa brashi kavu na kitambaa. Springi yenye madoa ya kutu ipake mafuta kidogo, kisha uifute mpaka isiache alama kwenye karatasi. Fanya kazi hiyo mchana. Taa ya usiku karibu na ziwa inaita wadudu wale wanaokuja kama moshi, na watakujaza mabawa kila tundu.

Ikidondoka majini wakati wa kupanda mtumbwi, ifungue siku hiyohiyo, ikaushe kivulini, na zile risasi zilizolowa zitenge usizibebe tena kwa kujilinda.

Kwa anayenunua iliyotumika, angalia kwanza mkato wa nyuma kati ya midomo. Ukiwa wa mviringo kama herufi U, hiyo ni ya zamani ambayo chuma hakikuzunguka pande zote. Zikijazwa huvimba kidogo na hazidondoki zenyewe ukibonyeza kitufe cha kuachia magazini. Mkato wa mraba ni wa zile zilizovikwa chuma kamili. Mwenye mkono wa kushoto aliyehamisha kitufe kwenye Glock za kizazi cha nne na kuendelea anahitaji magazini zenye nafasi ya kitufe pande zote mbili. Za zamani hazitashika.

Kisha jaribu mambo mawili bila risasi hata moja. Pachika magazini tupu, vuta slaidi hadi nyuma: lazima ibaki wazi. Ikirudi, springi imechoka au kisukumio kimelika. Halafu simamisha bastola wima, bonyeza kitufe: magazini tupu idondoke yenyewe. Springi haichoshwi sana na kukaa imejazwa; kinachoichosha ni kujazwa na kumwagwa mara nyingi. Kwa hiyo ile ya mazoezi na ile ya kubeba zisiwe moja.

Kuna jambo moja la risasi ambalo wengi wanaomwaga bastola kila usiku hawalijui. Risasi ya juu inayoingia chemba kila asubuhi na kutolewa kila jioni ni ileile. Kila inapogonga mlango wa chemba, kichwa chake kinasogea ndani ya ganda kidogo kidogo. Baruti inabanwa, na presha ya kufyatua inapanda kupita kiasi. Isimamishe mezani pembeni ya mpya ambayo haijawahi kuingia chemba. Ikiwa fupi hata kwa unene wa kucha, usiipige. Badilisha risasi ya juu mara kwa mara ili isiwe ileile mwezi mzima.

Andika namba chini ya kila magazini kwa rangi ya kucha: 1, 2, 3. Ikikwama, namba inakuambia kama kosa ni la bastola au la magazini. Iliyokwama mara mbili kwa namna moja, risasi zikiwa nzima, iondoe kiunoni ubadilishe springi. Ikikwama tena na springi mpya, midomo imepinda, na midomo haikunjwi kwa koleo ikarudi ilivyokuwa. Ivunje, usimuuzie mwenzako.