Cherehani ya nyumbani: nilivyozipanga, kuanzia ya kununua hadi ya kuiacha dukani

Mwezi wa sita hapa Mbeya hauna haja ya kuelezewa. Watoto wanatoka nyumbani na ukungu, sweta juu ya sweta, na ukiwatazama kwa nyuma unaona pindo la sketi limening'inia upande mmoja na goti la suruali limetoboka. Hapo ndipo hesabu zinapoanza. Kiraka kwa fundi, zipu kwa fundi, sketi ya yule aliyerefuka ghafla kwa fundi, na fundi anasema njoo Ijumaa. Ijumaa anasema njoo Jumatatu. Mwisho wa yote mtu anapiga meza: tununue cherehani yetu.

Ninawaandikia hao waliokwisha kupiga meza. Sizungumzii cherehani ya kufungulia ofisi, nazungumzia ya nyumbani: sare za shule, mapazia, foronya, aproni, sare ya kitenge ya familia kabla ya sendofu, na watoto wanaotaka kujifunza. Nimepanga aina tano, na kipimo changu kikubwa ni kimoja. Sijali sana inashona mitindo mingapi. Ninauliza: ikikwama saa kumi jioni, nani ataifungua, na kifaa chake kitapatikana wapi? Cherehani ambayo fundi wa mtaani kwako haijui ni meza ya kuwekea maua.

Ya kwanza: ya kukanyaga kwa mguu, ile ya kichwa cheusi

Najua wapo waliotarajia niseme ya umeme. Pita Mwanjelwa, au ukiwa Iringa pita Mashine Tatu, uangalie barazani. Mafundi wengi wamekaa nyuma ya kichwa kilekile cheusi, Butterfly au Singer au ndugu zao, kwenye miguu ya chuma. Maana yake ni kwamba sindano zake, bobini zake (vile vigurudumu vya uzi wa chini), mikanda yake na watu wanaojua maradhi yake wako hatua chache kutoka kwako. Hata Makambako ukikwama utapata mtu.

Mashine yenyewe ni rahisi kueleweka. Inashona mstari ulionyooka tu, basi. Mkanda wa ngozi unatoka kwenye gurudumu kubwa la chini kwenda gurudumu dogo la juu, umeunganishwa kwa kipande cha waya. Mkanda ukilegea, na utalegea, unachomoa waya, unakata kipande kama nusu kidole, unatoboa tundu jipya na kuunganisha tena. Binti yangu wa darasa la sita anaifanya kazi hiyo kwa msumari na jiwe. Umeme ukikatika tunasogeza meza dirishani na kuendelea.

Uimara wake haubishaniwi. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980. Kwa hiyo ukikuta kwa bibi kichwa kilichotoka Clydebank, kina zaidi ya miaka arobaini, na mara nyingi kinachokosekana ni mafuta tu. Mafuta ya cherehani, nasisitiza. Ya kupikia yanaganda ndani yakawa kama gundi, na oili iliyotolewa kwenye pikipiki ina uchafu wa chuma unaosaga kila kinachozunguka.

Kwa kufundishia watoto sijaona mfano wake. Kosa la kila anayeanza ni mguu kukanyaga vibaya, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajikunja chini kama kiota cha ndege. Dawa yake: toa uzi wote, weka sindano kuukuu, mpe mtoto karatasi ya daftari yenye mistari. Ashone juu ya mistari bila uzi. Matundu yakifuata mstari ukurasa mzima, amehitimu. Wa kwangu wa kwanza alichukua siku tatu na madaftari mawili. Mdogo wake alimaliza jioni moja, akabaki anamcheka mwenzake mpaka nikaingilia kati. Baada ya karatasi anashona mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kitambaa ni kitu kinachotumika kila siku, na ni mishono minne tu: pande mbili, pindo la juu, na mikono. Ukikosewa kidogo hakuna anayeuona ukiwa umejaa viazi.

Udhaifu upo. Ni nzito. Haipendi fulana na vitambaa vya kuvutika: uzi unakatika mtoto anapovaa kichwani. Haikati wala kufunga nyuzi za pembeni, kwa hiyo kitambaa kinachofumuka utakunja mara mbili au utapeleka kwa mwenye ovaloki, mashine ya kukata na kufunga kingo. Na meza. Meza nyingi mpya zinakuja na ubao mwepesi wa kubandikwa ambao ukionja mvua za Tukuyu, kule kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, unavimba kama mkate. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati hapa, kwa kuwa mbao za paini zinatoka Sao Hill, jirani kabisa. Nunua kichwa na miguu, kisha mpe seremala ubao uliokauka vizuri akuchongee meza. (Paini kwa Kiswahili cha vitabuni ni msindano, kwa ajili ya majani yake. Kichwa cha cherehani juu ya msindano, mimi huwa nachekea peke yangu.)

Jambo moja la kuuliza dukani: je, kichwa kina nafasi ya kufunga mota ndogo pembeni? Vingi vina tundu la skrubu nyuma, karibu na gurudumu. Ukiwa nalo unaanza na mguu, na siku ukipata hela unaongeza mota bila kununua mashine nyingine.

Ya pili: ya umeme ya mezani, yenye zigizaga

Hii ni ile ya plastiki nyeupe yenye mpini wa kubebea. Kama nyumba yako ina umeme wa uhakika, una meza ndogo, na unashona sana fulana, nguo za watoto wachanga au lastiki za kiunoni, unaweza kuipandisha namba moja na sitakugombeza. Zigizaga, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia, inazuia kitambaa kufumuka na inavutika pamoja na nguo. Inaweka tundu la kifungo, ambalo kwa mkono ni adhabu.

Umeme wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nyingi zina mota ya wati 70 hadi 100. Kwa wati 85, uniti moja ya LUKU inakupa zaidi ya saa kumi na moja za kushona mfululizo, na hakuna anayeshona mfululizo. Pasi utakayonyooshea pindo inakula umeme mwingi kuliko cherehani yenyewe.

Tatizo ni mitumba. Zinaingia mashine nzuri sana kutoka Japani, laini, kimya, kwa bei ya kushawishi. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Mimi nilinunua moja, muuzaji akaniapia kuwa ameshaijaribu, nikaichomeka nyumbani huku watoto watatu wamesimama kuangalia. Ilizunguka kwa kasi ya ajabu kama sekunde tano, mdogo akapiga makofi, halafu ikatoa moshi wenye harufu ya mpira. Kibati cha maandishi kilikuwa chini ya mashine muda wote. Ipindue. Isome. Inatakiwa iandikwe 220–240. Ikiandikwa 100 au 110, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake ijumlishe kwenye bei ya mashine kabla hujatabasamu.

Jingine: mashine zenye skrini na mishono mia mbili uwaachie wenye fundi wa kuzifungua. Mia moja tisini na tano kati ya hiyo mishono hutaigusa. Chagua ya kuzungusha kwa vitufe vya kawaida. Na angalia kama ndani ina chuma au plastiki tupu, kwa kuinyanyua tu. Nyepesi sana itatembea mezani ukifika kwenye mkunjo wa jinzi.

Ya tatu: ya mkono

Watu wanaidharau, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ni kichwa kilekile cheusi, ila badala ya miguu ina mpini wa kuzungusha kwa mkono wa kulia, na imekaa kwenye kijisanduku cha mbao. Mtoto wa miaka saba ambaye mguu wake haufiki kwenye kanyagio anaiweza hii. Inakwenda pole pole, mshono mmoja mmoja, kwa hiyo hatari ya kidole ni ndogo. Unaihamisha kwa mkono mmoja kutoka sebuleni kwenda kibarazani kufuata jua, na Njombe mwezi wa saba kufuata jua si anasa.

Mbaya wake: unabaki na mkono mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Pazia la mita tatu litakutoa machozi. Lakini kama bibi yenu kule Rungwe au Mufindi anayo inakaa chini ya kitanda, msinunue chochote kwanza. Ombeni hiyo, ipelekeni ikasafishwe.

Ya nne: ya kiwandani, iliyotumika

Kwa ufupi: usinunue, labda kama mnataka kuanza biashara. Inashona kasi mno kwa mtoto na kwa wewe mwenyewe wiki ya kwanza. Sindano zake ni tofauti: shina, yaani sehemu inayoingia kwenye mashine, ni mviringo, wakati sindano ya nyumbani ina ubapa upande mmoja, na ukizichanganya hutaelewa kwa nini haishoni. Ukilazimika, tafuta yenye mota ya servo, inayozunguka unapokanyaga tu. Ile ya zamani ya klachi inavuma muda wote hata umekwenda kuepua ugali.

Ya tano: kile kidogo cha betri

Kinauzwa kwenye meza za barabarani, rangi nzuri, kinaingia kwenye begi la shule. Kiache hapo hapo. Kinashindwa kupita pindo la sketi ya shule lililokunjwa mara mbili, na kikipita kinaruka mishono. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mtoto anaamini kosa ni lake. Kwa hela hiyo mnunulie mkasi wa vitambaa, na uape mbele ya familia kwamba hakuna atakayekata karatasi kwa huo mkasi.

Kabla hujatoa hela

Usijaribie kitambaa cha muuzaji. Chake kimechaguliwa. Nenda na vipande vyako vitatu mfukoni: khanga, kadeti ya sare, na jinzi lililokunjwa mara nne. Omba uzi wa rangi mbili, mwekundu juu na mweupe chini. Shona kama urefu wa kiganja kwa kila kipande, ugeuze. Uzi mwekundu ukitokeza chini kama vitanzi, au mweupe umelala umenyooka kama kamba, kuna mvutano haujakaa sawa. Mwambie arekebishe mbele yako. Akiweza kwa kuzungusha skrubu kidogo, sawa. Akisema itakaa yenyewe ukiizoea, aga kwa heshima.

Kisha zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, bila uzi. Inatakiwa iende sawa mzunguko mzima. Ikiwa nzito sehemu moja na nyepesi sehemu nyingine, kuna kitu kimepinda. Shika fimbo inayobeba sindano uitikise: ikicheza sana, imechakaa. Pitisha ukucha kwenye meno yanayosukuma kitambaa, yawe bado makali. Na usidanganywe na rangi inayong'aa na maua ya dhahabu, kichwa kikuukuu kinapakwa rangi asubuhi na kuuzwa mchana. Kutu huwezi kuipaka rangi ndani, kwa hiyo fungua kile kibati cha chini uchungulie kwa tochi ya simu.

Sindano beba za ziada pakiti nzima. Namba 11 kwa kitambaa laini, 14 kwa kitenge na khanga na tetroni, 16 kwa kadeti, 18 kwa jinzi. Kwa fulana omba ya ncha butu. Mashine nyingi nilizoambiwa ni mbovu zilikuwa na sindano iliyopinda, na wenyewe walikuwa tayari kuziuza.

Ukiagiza kutoka Kariakoo, sharti lako kwa mtumaji liwe kichwa kitenganishwe na miguu, sindano itolewe, kiguu cha kukandamiza kishushwe juu ya kitambaa, na kichwa kifungwe kwenye blanketi, kisafiri ndani ya basi na si chini kwenye buti pamoja na magunia. Ile milima ya Kitonga inatikisa kila kitu. Kikifika, tia matone ya mafuta kwenye kila tundu unaloliona, kizungushe kwa mkono, kilale hivyo na kitambaa kikuukuu chini ya sindano. Mafuta ya ziada yatanyonywa na hicho kitambaa usiku, badala ya kuonekana kesho yake kwenye shati jeupe la shule.