Gari ya bei chee, kasoro tatu za kutajiwa na moja ya kutafuta mwenyewe

Haya wadau, karibuni. Leo hakuna boksi la kufungua, bidhaa yenyewe ndo hii hapa nyuma yangu, hatchback ndogo ya petroli, lita 1.5, otomatiki, ya mwaka 2008, dashibodi inasoma kilomita 148,000. Sio yangu bado. Mwenyewe kaniruhusu nirekodi ila sura yake na namba ya gari visionekane, kwa iyo mkiona kitambaa kimening'inia hapo mbele msishangae.

Bei yake ni chee, chee kweli. Tuseme gari kama hii ikiwa nzima inauzwa 100, basi jamaa anataka 55, na kanitajia kwa nini kabla hata sijauliza: AC haitoi baridi, oili inavuja juu ya injini, na shokapu mbili za mbele zimekufa. Nikamwona muungwana bwana. Na hapo hapo ndo nikaanza kulegea, maana mtu akishakutajia maovu matatu ya gari yake unajikuta umeacha kutafuta la nne, unaanza tu kupiga hesabu za spea kichwani kama vile gari ishakuwa yako. Kwa iyo leo nataka tuzipitie hizo tatu fasta halafu nikuonyeshe kilichonichelewesha.

AC. Kasema "inataka gesi tu". Sikia, ule mfumo umefungwa, gesi haichakai wala hailiwi kama petroli, ikiisha maana yake kuna mahali inatokea. Sasa panapovuja panaweza kuwa pete ya mpira kwenye kiungo fulani, kazi ya nusu saa, au panaweza kuwa pale ndani nyuma ya dashibodi ambako fundi lazima afumue dashibodi nzima. Ukijaza bila kutafuta tobo utapata baridi kwa wiki kadhaa halafu mnarudi pale pale. Mimi AC naweza kuishi bila yake, natelemsha kioo maisha yanaendelea, kwa iyo hii haininyimi usingizi.

Oili. Njoo karibu na kamera hapa, unaona huu unyevunyevu mweusi unafuata ukingo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mpaka huku nyuma? Hiyo ni gasketi ya tapeti kava imekakamaa, na ile harufu ya kuungua ukisimama ni oili inadondokea manifoldi ya eksozi ikiwa ya moto. Gasketi yenyewe ni bei ndogo, kazi sio ya kutisha. Ila nimechomoa koili moja, kile kinachopeleka umeme kwenye plagi, nikamulika na tochi kwenye shimo la plagi, kukavu, na hilo ndo nililotaka kuona kwa sababu plagi zikishaanza kuogelea kwenye oili mle ndani gari inaanza kumisi, yaani inakatakata.

Shokapu, wala siongei sana. Bonyeza kona ya mbele kwa uzito wako wote halafu achia, ikipanda na kushuka mara mbili tatu imekufa. Hii ilicheza kama kitanda cha springi. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani, kwa iyo hapo weka na bushi na alaimenti, na hizo tairi zenyewe angalia zile namba 4 za mwisho pembeni, hizi zimeandikwa 2316, wiki ya 23 ya mwaka 2016, nazo ziende tu jamani.

Hadi hapo mimi kichwani nilikuwa nimeshanunua. Kwa fundi wangu hizo tatu pamoja na tairi zilikuja kama 15 kwenye ile 100 yetu, 55 na 15 ni 70, bado nimebaki na 30 mkononi. Nani angekataa?

Sasa ngoja. Siku ya kwanza nilimpigia simu nikamwomba kitu kimoja tu, asiiwashe kabla sijafika, naitaka ikiwa baridi. Nimefika, naweka mkono juu ya boneti hivi, ya moto. Sio uvuguvugu wa jua, ya moto. Ananiambia "nimetoka kuisogeza tu". Kaisogeza kutoka wapi, mwezini? Sikugombana naye, nikamwambia nitarudi kesho asubuhi mapema, na nikarudi kabla hajaamka vizuri.

Ikiwa baridi kabisa ndo unafungua mfuniko wa rejeta, lile linalopoza maji ya injini, tena baridi kabisa, ikiwa ya moto usiguse, maji yale yako kwenye presha na yanaruka usoni. Nimefungua, ndani hakuna kulanti, ile dawa ya kupozea inayozuia kutu, kuna maji rangi ya chai ya kutu. Mtu anaweza kuweka maji kwa dharura sawa, ila maji yaliyofikia rangi hii sio ya dharura, yamekaa. Nikafungua na mfuniko wa oili nikitafuta ule uji mweupe kama mayonezi, dalili ya maji kuingia kwenye oili, haupo. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, safi. Nikashukuru.

Halafu nikamwambia awashe, na hapa naomba usikilize badala ya kuangalia, narudisha klipu... umesikia ile vuuuu? Hiyo ni feni ya rejeta. Injini imelala usiku kucha, ina baridi ya alfajiri, AC nimezima, na feni imeamka pamoja na swichi. Feni haina kazi ya kufanya muda huo, inatakiwa isubiri mpaka maji yapate moto. Nikainama kumulika, nikaona waya mwekundu mpya, mzuri tu, umefungwa na tepu, unaenda moja kwa moja. Mtu kaiunganisha isizimike.

Nikachomeka skana, hiki kidude kidogo kinachoongea na simu, soketi yake iko chini ya usukani. Taa ya cheki injini haiwaki na koda, zile namba za hitilafu, hamna hata moja, na hapo mtu asiyejua anashangilia. Lakini ingia ukurasa wa pili, pale kwenye vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe ikitembea, karibu vyote vinasoma "bado". Maana yake kumbukumbu imefutwa juzi juzi tu, ama kwa skana ama kwa kuchomoa betri. Kuchomoa betri sio dhambi, inawezekana aliibadilisha, nikaangalia betri, ina vumbi la miaka na terminali zake zina ule unga mweupe haujaguswa.

Tukatoka barabarani, dakika 20, skana iko mapajani kwa mwenzangu anasoma joto la maji. Injini kama hii ikishapasha inatakiwa ikae kwenye nyuzi 90 hivi. Hii ilipanda ikafika 63, tukashika mteremko ikashuka 57. Haipashi! Injini isiyopasha kwa dakika 20 na rejeta lenye maji ya kutu, hapo karibu hakika themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imetolewa wadau, maji yanazunguka muda wote bila kizuizi na feni inapuliza muda wote. Na ukitoa themostati kompyuta inalalamika, kuna koda yake kabisa P0128, joto la maji halifiki panapotakiwa, ndo maana mtu anaifuta asubuhi kabla mteja hajaja.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu gari ilikuwa inachemsha. Mara nyingi anayeng'oa themostati anakimbia gari inayochemsha.

Nami kidonda hiki nakijua. Miaka kadhaa nyuma niliuziwa moja kwa maneno haya haya, "ni themostati tu inasumbua, nunua mpya funga". Nikanunua mpya nikafunga mwenyewe, najisifu. Wiki ya tatu niko kwenye mlima mrefu na ndugu zangu nyuma, mshale ukapanda kama umeitwa, mvuke huo, tukakaa pembeni ya barabara masaa mawili tunasubiri ipoe na mama mdogo ananiangalia tu bila kusema neno. Silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, ilikuwa imepinda. Gharama ya kuifungua, kuisawazisha kwenye mashine, gasketi mpya na kufunga ilinila karibu nusu ya bei ya gari.

Ila nisimhukumu jamaa huyu kwa kesi ya mwingine. Nimetafuta dalili za gasketi ya hedi na sijazipata: moshi mweupe hamna, oili haijachanganyika na maji, ile paipu ya juu ya rejeta niliishika dakika moja baada ya kuwasha ikiwa baridi, laini, haikukakamaa kama ambavyo gesi ya ndani ingeijaza. Inawezekana kabisa tatizo lote ni rejeta limeziba na kutu, au pampu ya maji imechoka, na hedi haina shida yoyote. Kuna kipimo cha ile dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, ikivuta gesi ya moshi inageuka njano, lakini hata ikibaki bluu, kwenye gari inayozungushwa bila themostati kwenye nyuzi 60 sijui... mimi ningetaka kuiona bluu ikiwa nyuzi 95.

Hesabu yangu basi. Kama ni rejeta na themostati tu, ongeza 8 kwenye ile 70, tumefika 78, bado biashara. Kama ni hedi, ongeza 25 au 30, tumefika 95 au 100 na una gari ya 2008 iliyofunguliwa injini, ambayo nzima ni 100. Na tofauti ya hayo mawili huwezi kuiona jinsi gari ilivyo sasa hivi, kwa sababu kila kitu ambacho kingekuonyesha kimeng'olewa au kimefutwa. Shokapu na oili nanunua nazo kesho. Ule waya mwekundu siununui.

Kuna wa kununua hii? Yupo. Kama wewe ni fundi, au unataka bodi na giaboksi tu (giaboksi nimeiangalia, mafuta yake bado mekundu, inabadili bila kushtuka, kiukweli ndo kitu kizuri kuliko vyote humu), mpe 30 akikubali uburute. Ila kama ni gari yako ya kwanza na hela yote ndo hiyo, hapana, maana ikichemka wiki ya pili hauna hata ya kumwita fundi.

Mimi nilimwambia hivi, na nilimwambia kwa heshima: kaka, funga themostati mpya, iwe ya kawaida tu, gharama nalipa mimi, kata huo waya feni ijiendeshe yenyewe, weka kulanti, halafu tupande mlima kwa muda wa saa moja na skana ikiwa imechomekwa. Ikibaki 90 nakupa 55 yako yote hapo hapo bila kuomba punguzo. Akasema wazo zuri, ataongea na fundi wake aniambie siku.

Nyongeza hii narekodi nyumbani, leo ni siku ya nne. Hajapiga, na tangazo lake nimeliona asubuhi limerudi juu, bei ile ile, kasoro zimeandikwa tatu.