TAHADHARI: Yule jamaa wa shafti za draiva pale maegesho, msimpe hata shilingi

Wadau wa gofu, jamaa anayeuza shafti za draiva (mipini ya ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) kwenye buti la gari mnamjua, sina haja ya kumwelezea. Mwenzetu wa kundi la Jumamosi kapigwa laki sita na nusu. Yeye anaona haya kusema, basi nasema mimi kwa ruhusa yake, na nasema kwa hasira.

Alivyoingizwa mkenge ni hivi. Jamaa kafungua buti, shafti zimepangwa kwa rangi, kila moja na adapta yake (kiungo cha kufungia shafti kwenye kichwa cha fimbo). Kamwuliza mwenzetu draiva yake ni ya kampuni gani, akajibiwa TaylorMade, akachomoa ya bluu: Fujikura Ventus, imeandikwa 6S (6 ni kundi la uzito, S ni ugumu). Akaiweka juu ya mzani wa kidijitali, akatoa uzito wa gripu (mpira wa kushikia) na adapta, zikabaki gramu sitini na ushee, sawasawa na namba 6 inavyodai. Akaifunga kwenye kichwa, akakaza kwa spana ya toki mpaka ikalia tak, akanyoosha futi ya kupimia: inchi 45. Wakaenda renji, uwanja wa mazoezi. Mpira ukapaa juu, ukanyooka, ukaanguka mbele ya pale unapoangukaga siku zote.

Sasa mtu kama huyo usimwamini kwa lipi? Ana mzani, ana spana, anaongea lugha ya mafundi, tena anakuruhusu ujaribu kabla ya kulipa. Tapeli wa kawaida hakupi mali mkononi. Na bei haikuwa ya kutupwa ya kumshtua mtu. Mpya dukani inakwenda kama dola 350, kwa hiyo laki sita na nusu kwa iliyotumika ilionekana ni bei ya kiungwana.

Mchezo ulikuwa kwenye adapta. Kabla ya kukaza aliizungusha upande wa kuongeza lofti (mwinamo wa uso wa fimbo unaopaisha mpira), kichwa cha nyuzi 10.5 kikawa karibu 12. Kwa adapta hiyo ukiongeza lofti, uso wa fimbo nao unajifunga kidogo, na mpira uliotaka kukimbilia kulia unarudi katikati. Sifa zote zikapewa shafti! Jumapili adapta ikarudishwa mahali pake, mpira ukaanza kwenda chini na kulia, mmoja baada ya mwingine. Kupigiwa simu, jamaa anajibu: "Utaizoea tu, mzee." Mjinga mkubwa.

Gripu ikavuliwa. Kumbuka kutumia wembe wa ndoano, maana wembe ulionyooka unakata nyuzi za grafaiti. Chini yake ukaonekana mstari unaozunguka shafti nzima: ni kiungo. Kipande cha karibu inchi mbili kimechomekwa juu na kugandishwa kwa epoksi. Maana yake hii ilikuwa shafti ya wudi namba 3 (fimbo fupi kuliko draiva), ambayo ikimalizwa huwa kama inchi 43, ikarefushwa ionekane ya draiva. Inaingia bila shida kwa sababu ncha za draiva na za wudi kwa kawaida zote ni inchi 0.335.

Kurefusha si dhambi, mafundi wanarefusha kila siku. Ubaya ni kwamba shafti ya wudi mara nyingi imekatwa upande wa ncha, sehemu ambayo ukiipunguza shafti inakuwa ngumu kuliko maandishi yake, na kipande cha juu hakirudishi ulaini huo. Mzani hauwezi kukuambia hilo, unapima uzito tu. Swingi yake ni maili 86 hivi kwa saa. R (laini kuliko S) ya gramu hamsini na kitu ingemtosha kabisa. Akauziwa S iliyokaribia X, ambayo ni ngumu zaidi. Isitoshe, gundi ikiachia katikati ya swingi, fimbo inaweza kumlegea mkononi.

Tena haikuandikwa VeloCore, jina la teknolojia ya Fujikura ya kutengeneza shafti hizi, popote. Ventus zinazouzwa peke yake kama shafti zina neno hilo, nyingi zinazokuja tayari ndani ya draiva au wudi za dukani hazina, na bei zake hazifanani hata kidogo. Jamaa alisema eti ni toleo la zamani. Muongo. VeloCore ilikuwepo tangu Ventus ya kwanza, 2019.

Kwa hiyo akikuletea, angalia adapta imesimama kwenye alama ya kawaida, mwambie avue gripu mbele yako, tafuta VeloCore. Kuikunja kwa mkono kupima ugumu usikujali, na hiyo herufi S isikudanganye, kila kampuni ina S yake. Akikataa kuvua gripu, ondoka.

Hela hajarudisha. Anasema "mali ikishatoka haina marejesho", na bado kaegesha palepale na buti wazi! Huyu wa kufungiwa geti, na kedi (mbeba fimbo) anayemletea wateja kwa kamisheni naye aitwe ajieleze. Kama umenunua kwake, vua gripu leo, piga picha ya kiungo pamoja na muamala wa malipo, nitumie inboksi. Vyote vinaenda kwa katibu wa klabu na polisi kabla ya mashindano ya mwisho wa mwezi.