Saa ya kupimia taimingi ya pampu ya dizeli: uzoefu wangu

Saa hii si ya kutazamia muda, ni kipimo cha duara chenye mshale, cha kujua kama taimingi ya pampu, yaani wakati inaposukuma dizeli, iko sawa. Pamoja na adapta yake nimeshaitumia mara tatu. Mara ya kwanza ndiyo iliyonishawishi, kwa hiyo nitaieleza hiyo.

Injini yangu ni ya silinda 4, pampu yake ni ya Bosch aina ya VE, yenye planja moja (pistoni ndogo ya kusukuma dizeli) inayohudumia silinda zote. Ilikuwa imetoka kufanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya: ringi mpya, hedi imesagwa, taimingi belti mpya. Kabla ya kuishusha pampu nilichora mstari kwa msumari kati ya bodi yake na breketi, nikaamini nikiirudisha palepale kazi imekwisha. Injini iliwaka kwa shida, stata ikahangaika, kisha ukatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unaowasha macho. Nguvu hakuna. Nilitoa hewa upya kwenye paipu za nozeli, nikarudia kukagua alama za belti. Zote zilikuwa sawa, na moshi ukabaki uleule. Ule mstari wa msumari ulikuwa wa belti ya zamani iliyokwisha kuvutika. Kwa belti mpya haukuwa na maana tena.

Ndipo nikanunua saa. Unafungua bolti ndogo ya katikati nyuma ya pampu, pale paipu nne zinapotokea, unafunga adapta, saa inakaa humo ikigusa planja. Unazungusha krenki kinyumenyume taratibu mpaka mshale usimame, maana yake planja imefika chini kabisa. Hapo unaweka sifuri. Kisha unazungusha mbele mpaka pistoni namba 1 ifike juu ikiwa kwenye kompresheni, unasoma. Kitabu cha injini yangu kinataka planja iwe imesogea milimita 0.90. Saa ilisoma 0.74.

Nilikaa nikiutazama mshale ule kwa muda. Siku mbili nzima nilikuwa nikilaumu nozeli, kumbe planja ilikuwa haijasogea vya kutosha, yaani pampu ilikuwa inachelewa.

Nililegeza nati za pampu na za paipu, nikaisogeza bodi kinyume na shafti yake inavyozunguka, kidogo sana, mpaka ikasoma 0.90. Baada ya kukaza nikapima tena: 0.86. Kukaza peke yake kumeisogeza! Kwa hiyo usifunge kazi kabla ya kupima mara ya pili. Vilevile ukipitiliza alama ya flaiwili (gurudumu zito la krenki), inayoonyesha pistoni namba 1 iko juu, usirudi nyuma kidogo tu. Rudi robo mzunguko, uje mbele tena, la sivyo ulegevu wa belti utakudanganya. Na lever ya kuwashia injini ikiwa baridi lazima iwe imeachiwa, kwa sababu ikivutwa inawahisha pampu na kipimo chote kinakuwa cha uongo.

Asubuhi yake injini iliwaka stata ilipogusa tu. Moshi ulikatika, mlio wa kugonga ukawa ule wa kawaida wa dizeli, mkavu na wa sawasawa. Nilifurahi mno.

Saa yenyewe ni nzuri, inasoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita na mshale hautetemeki. Adapta ndiyo ina kasoro: pini ya kurefushia ilikuwa imelegea tangu kwenye boksi, na nisingeikaza kwanza ningepata vipimo vinavyorukaruka. Kwa injini yangu uso wa saa pia ulielekea ukutani, nikalazimika kusoma kwa kioo cha mkononi. Washa ya shaba ya bolti haimo kwenye boksi, nawe unaihitaji mpya, kwani ya zamani ikirudishwa huvuja.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa pampu za VE inunue bila wasiwasi. Kama pampu yako ni ile ndefu yenye planja moja kwa kila silinda, hii haitakufaa. Taimingi yake hupimwa kwa kuangalia dizeli inapokatika kwenye paipu ya kwanza.